Kilio Kisichoandikiwa Nota

Mimi opera nimeijulia sakafuni. Miaka kumi na kitu nimepiga magoti na pini mdomoni, nikipunguza mapindo ya magauni ya watu wanaoimba juu ya kichwa changu, na mtu akiimba karibu na sikio lako kila siku, utake usitake utaanza kumsikiliza. Nilikuja Stockholm kusomea ushonaji. Nikaolewa, nikaachika, nikabaki na cherehani na mtoto mmoja ninayemsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiswidi. Kazi nikaipata kwenye kikundi kidogo cha opera kilichokuwa kikifanyia maonyesho yake ndani ya kiwanda cha zamani, vituo vichache tu kutoka kwangu Rågsved. Walitaka mtu wa kufufua nguo kuukuu, nami nguo kuukuu ndizo nilizokulia.

Opera za wafalme sikuzipenda na sizipendi hadi leo. Mtu amechomwa mkuki lakini anaimba robo saa nzima kabla hajakata roho, joho lake peke yake limenila wiki tatu, halafu anateremshwa mungu kwa kamba aje kuamua ugomvi. Nilikuwa nashona tu, masikio nimeyafunga. Mpaka mwaka mmoja tukafanya moja ya zile fupi za Kitaliano, nikaletewa orodha ya mavazi: aproni, shali, mashati ya kazi, viatu vya matope. Nikauliza mfalme yuko wapi. Nikaambiwa humu hamna mfalme.

Basi nikaanza udadisi. Mpiga piano wetu, mzee mmoja mwenye subira na maswali yangu kuliko wote pale, alinieleza wakati wa kahawa. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alisema, walitokea huko Italia watunzi vijana, baadhi yao watoto wa watu wa kawaida tu, wakachoka na miungu na wafalme. Wakawachukua wale waliokuwa wakiwaona dirishani: wachukuzi, wafua nguo, wachimba madini, mwanamke aliyeachwa, mume mwenye wivu. Jambo linaanza asubuhi, saa moja baadaye mtu amelala chini. Muziki wao hauna madoido ya koo. Sauti inapanda ghafla, kama mtu aliyeshindwa kujizuia, na vinanda vya okestra vinapiga sauti ileile pamoja naye ili asiwe peke yake. Wenyewe wanaita verismo, kutokana na neno lao la ukweli. Na mara nyingine, mzee akasema, neno zito kuliko yote hawaliimbi kabisa. Linasemwa tu, au linapigiwa ukelele.

Mimi nikawa mteja wao tangu siku hiyo. Nimekulia Tanga, kwenye mtaa ambao ugomvi wa mume na mke ni mali ya majirani wote, na bakora ikianza tunahama na vigoda vyetu kwenda kusikiliza vizuri. Sikujua kwamba kuna watu waliwahi kukaa chini wakayaandikia mambo kama hayo fidla na tarumbeta. Nilikuwa nasikia raha, na naona haya kidogo kusema, nilijisikia kama nimetambuliwa.

Opera iliyoniletea balaa ilikuja majira ya baridi yaliyofuata. Mtunzi wake hakumbukwi na mtu siku hizi. Ni kisa cha wachimba madini ya kiberiti wa Sisilia: mama anamsubiri mwanawe mdomoni mwa mgodi, anagombana na mkwe wake, anampikia mtoto chakula, na mwisho wanaume wanapanda na maiti. Ni hivyo tu. Lakini pale maiti inapotokea, mtunzi hakuandika nota. Mzee wa piano alinionyesha. Kurasa mbili, vinanda vizito vimeshika sauti moja ya chini, na mstari wa wanawake mtupu, umeandikiwa maneno machache tu kwamba hapa walie kama watu wanavyolia katika maisha.

Waimbaji wetu walijaribu. Walilia vizuri, tena kwa mpangilio, mmoja akipumua mwenzake anapokea. Mwongozaji, mwanamke wa makamo, mpole, machozi yake mwenyewe hayako mbali, alifunga kitabu chake akasema, "Mnaimba." Wakarudia, akasema tena, "Bado mnaimba." Kisha akageuka akanitazama mimi, nimekaa zangu kwenye ngazi na aproni mapajani. Akauliza huko kwetu wanawake wanalia vipi.

Ningemuuliza kwetu wapi, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi na kimbelembele ni ndugu. Nikamwambia nawafahamu wanawake wa kwaya ya kanisa kule Hallunda, wanajua kuimba, na kulia wanakujua. Wiki iliyofuata nikawaleta saba. Ratiba iliyobandikwa mlangoni ikaandikwa kwamba mimi sasa ni msaidizi wa mwongozaji, si fundi cherehani tena. Niliipiga picha ile ratiba nikamtumia dada yangu Tanga. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Kati ya wale saba mkubwa wao alikuwa Mama wa Hallunda, ndivyo sote tulivyomwita, Mkongomani wa upande wa Uvira. Nilipojifungua, mume wangu yuko safarini na theluji imefika magotini, ni yeye aliyekuja na uji kwenye chupa ya chai, akanikanda kwa maji ya moto, akalala kwenye kochi langu siku kumi na nne. Hakuniuliza kama namtaka. Alisema Watanzania walimpokea Kigoma alipovuka ziwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mtoto wa Tanzania hatamwacha azae kama paka. Kiswahili chake cha batoto na iko nilikuwa nakicheka mwanzoni, mwisho nikawa naona hicho ndicho Kiswahili cha nyumbani. Nilijua alifiwa vitani. Mtu wa umri wake kutoka kule humuulizi sana.

Siku ya kwanza ya mazoezi ilikuwa Jumamosi mchana. Wanawake walifurahi, wamevaa aproni nilizowashonea, wanachekana. Mmoja, Mkenya, aliniuliza kama opera ina chakula. Mwongozaji aliwapanga, akamweka Mama mbele kwa sababu ya uso wake, akaeleza: maiti ikitokea, wewe ni mama yake, unalia kama mnavyolia kwenu. Mimi natafsiri, Kiswidi huku, Kiswahili kule.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono akanivuta kando kidogo.

"Mwanangu, hii mi siwezi," akasema. "Tulikuwa ndani ya matete, mi na huyu mtoto wangu mdogo. Nikasikia vile wanamaliza baba yake na wakubwa wake wawili. Niliweka kitambaa kwa mdomo. Ningelia, tungekufa wote. Kesho yake tukavuka. Bale batoto hawajaliliwa mpaka leo. Ile kilio iko yao, nawawekea. Siku nitafika pale walilala, nitawapatia. Sasa niitoe hapa, kwa muntu wa kuchezacheza? Jamais, hata siku moja. Na tena ni kuita kifo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia kiasi cha chumvi. Hilo la kilio sikuwa nimewahi kulisikia kwake. Nilikuwa nimesimama na ule mkono wake kwenye mkono wangu na nilielewa kila neno. Sina cha kujitetea nacho, Kiswahili cha Uvira nilikuwa nimekizoea miaka yote ile.

Mwongozaji akauliza, "Anasemaje?"

Waimbaji ishirini wananitazama. Mzee wa piano ameweka vidole tayari. Na mimi ndiye msaidizi, ndiye niliyesema nawajua wanawake.

Nikasema kwa Kiswidi, "Anasema anaona aibu kidogo, lakini atajaribu."

Kisha nikamgeukia Mama, nikaongeza uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, anaomba mara moja tu, aone inavyokuwa. Baada ya hapo hakulazimishi." Mwongozaji hakuwa amesema neno kama hilo.

Mama alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama muda mrefu mpaka mimi nikaangalia viatu. Kisha akavua miwani yake akanipa nimshikie, akaenda kusimama pale alipowekwa.

Okestra haikuwepo siku ile, ni piano tu, ile sauti moja ya chini. Wanaume wakaja na machela yenye magunia. Mama akafungua mdomo, yakatoka majina mawili. Sitayaandika. Aliyaita mara moja moja kwa sauti ya kumwita mtoto anayecheza mbali, kisha akayarudia, na mara ya tatu hayakuwa majina tena. Nimesikia vilio vingi maishani mwangu, misiba ya Tanga haina siri, lakini kile kilikuwa kimekaa ndani ya mtu zaidi ya miaka ishirini.

Sasa, sisi tuna jambo moja. Ukisikia kilio, unakwenda. Huulizi nani wala saa ngapi, unaacha sufuria jikoni unakwenda. Wale wanawake sita walisahau walipo. Walitupa vikapu vya mgodini, wakakimbia, mmoja akavua kitenge chake mwenyewe chini ya aproni akamfunga Mama kiunoni kwa nguvu, wengine wakamshika mabega, wakaketi naye sakafuni miguu wameinyoosha, na kilio kikapokelewa. Mrundi mmoja alikuwa anauliza huku machozi yanamtoka, "Wamepiga simu? Nani amekufa?" Waimbaji wa Kiswidi walikuwa wamesimama wima na mikono wameiachia.

Mimi sikwenda. Katika wanawake wote pale wanaoujua wajibu huo, ni mimi peke yangu niliyebaki nimesimama, upande wa mwongozaji, miwani ya Mama mkononi.

Mwongozaji alikuwa analia waziwazi. Alidhani wamebuni, kwamba wale wanawake walikubaliana njiani waje wakimbie vile, wamfunge kitenge, waketi. Alikuwa anaandika upesiupesi kwenye kitabu chake, juu ya ule mstari mtupu: kikapu kinaanguka hapa, wa pili anakuja kutoka kushoto, kitenge. Kilipotulia akawakumbatia mmoja mmoja. "Hivyohivyo," akaniambia niwatafsirie. "Wasibadilishe kitu. Kila onyesho iwe hivyohivyo." Nikatafsiri, safari hii neno kwa neno.

Yule Mrundi akauliza tena nani amekufa. Mama akamjibu, "Hakuna muntu. Tuko kwa kazi."

Kwenye treni nilikaa naye mpaka Hallunda ingawa si njia yangu. Nikamwambia kama hataki aache, nitamtafuta mwingine. Akasema, "Tumeshasema ndiyo." Akafumba macho. Nilifarijika, na hiyo faraja ndiyo inayonichoma kuliko mengine.

Maonyesho yalikuwa sita. La kwanza alitetemeka mpaka nikashindwa kumfungua vifungo. Watu walikuwa wanapenga kamasi kwenye viti vyote, wengine walibaki wamekaa taa zimeshawashwa. La pili vilevile. La tatu aliniomba nisogeze fundo la kitenge pembeni, lilikuwa linambana anapovuta pumzi. Nikasogeza. La nne mzee wa piano aliniambia, kwa kumsifu, kwamba yule mama ana sikio zuri ajabu, siku hizi anaingia palepale kila mara, na anapumua palepale, unaweza kumwandikia nota. Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni nikakaa.

Ndipo nilipoanza kufikiri kwamba yule Mtaliano alijua alilokuwa anafanya alipouacha mstari mtupu. Mpaka leo nafikiri hivyo, ingawa mimi si msomi. Watunzi wale walitaka ukweli jukwaani, wakaandika wivu, wakaandika njaa, wakaandika mtu anavyomlaani mwenzake uwanjani mbele ya kanisa. Vyote hivyo mwimbaji atavirudia kesho na hatapungukiwa na kitu, kwa sababu si vyake, vimeandikwa. Huyu mmoja alifika kwenye kilio akaweka kalamu chini. Sisi tukaja kumkamilishia.

Siku ya sita Mama alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa anakula andazi la mdalasini, ananiambia habari za goti lake na daktari aliyempangia miadi ya mwezi wa nne. Akajifuta mikono kwenye aproni, akaingia, akalia. Ukumbi ukalia. Akatoka, akaliendea andazi lake.

"Leo sikuwaona batoto," akasema, anatafuna. "Nimelia na goti."

Nilijifanya natafuta sindano.

Kiangazi kilichofuata habari zilikuja kutoka Uvira. Kanisa la kule lilikuwa limepata mahali walipolala wale waliouawa, wazee waliosalia walikumbuka, na familia zilizotawanyika zilikuwa zinaitwa kwa ibada. Mama akaenda na bintiye, yule yule aliyekuwa ndani ya matete, siku hizi anafanya kazi za kompyuta Kista. Niliwasindikiza uwanja wa ndege. Nilimshonea gauni jeusi, nikaurudia mara mbili mshono wa mabega, na sikuthubutu kumuuliza lolote. Alikuwa mchangamfu, anawapungia watu mkono.

Walirudi, wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Hakupiga simu. Kanisani hakuonekana. Nikavumilia mpaka nikashindwa, nikapanda treni kwenda Hallunda. Bintiye alinifungulia mlango, akaniambia kwa Kiswidi kwamba mama yuko jikoni, na kwamba hasemi sana.

Alikuwa anachambua maharage. Akanipa sinia, nikavuta kiti, tukachambua pamoja. Nilimuuliza habari za safari. Akasema njia ni mbaya, mvua imenyesha, watu wamezeeka.

"Na pale?" nikauliza.

Akaendelea na maharage kidogo.

"Walinipeleka," akasema. "Ni karibu na mto, hata matete yangali. Waliniacha nitangulie, ndiyo desturi, mama wa batoto anafungua kilio. Wote wako nyuma yangu wanangoja. Nikasimama. Nikangoja na mi. Hakuna kitu. Nikasema pengine iko mbali, itakuja. Watu wanangoja, mwanangu, huwezi waacha watu wamesimama. Basi nikafungua mudomo." Akatoa jiwe dogo kwenye maharage akaliweka kando. "Ikatoka ile ya kwenu. Majina, mara mbili, napumua, ya tatu. Vilevile. Nilikuwa najisikia navuta pumzi pale navutaga. Wakalia wote, hata pasta. Wakasema, huyu mama ameweka uchungu miaka yote. Mi peke yangu macho makavu."

Sijawahi kuona haya ya namna ile. Mikono yangu ilikuwa ndani ya sinia na sikuweza kuitoa. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza sikumfikishia mwongozaji maneno yake, kwamba nilisema atajaribu, na kwamba ile mara moja tu niliitunga mimi. Nikamwambia yule mwanamke ana huruma, angeambiwa asingemlazimisha, angepiga magoti kumwomba radhi. Nililia mimi, kwa kelele, mpaka bintiye akaja kusimama mlangoni.

Mama alinisubiri nimalize. Akaninyooshea kitambaa cha vyombo nifute uso.

"Nilisikia," akasema. "Nimekaa hapa miaka ngapi? Kiswidi kidogo namna hiyo nakisikia."

Nikamuuliza kwa nini basi hakukataa, kwa nini hakunikanusha palepale mbele ya watu.

"Ulikuwa umeshasema. Ningesema hapana, ungepata haya mbele ya mukubwa wako, na kazi umeipenda." Akarudisha macho kwenye sinia, vidole vikaendelea kutafuta mawe. "Bale walishakufa. Weye uko hai. Nikasaidia mwenye yuko hai."